HSP70: damu bado ina mateso ndani ya chupa

Hizi ni dhana potofu za wanaopima HSP70, protini ya seli inayojibu mateso kama joto, kwenye damu ya washiriki wa utafiti.

"Damu ikishatoka mwilini, HSP70 iliyomo haibadiliki. Iache ikae, sentrifuji tutawasha mchana."

Hii ndiyo dhana inayochosha kuliko zote. Chembe ndani ya chupa bado ziko hai, na HSP70 kazi yake ni kujibu mateso. Jeni zake zilianza kujulikana baada ya inkubeta ya nzi wa matunda kupandishwa joto kimakosa. Mwanajenetiki Mwitaliano, Ferruccio Ritossa, akachapisha alichokiona mwaka 1962. Sasa wewe unaweka chupa kwenye dashibodi ya matatu, mwezi wa Februari, foleni ya feri Likoni. Isitoshe, chembe nyekundu zenyewe zina HSP70 tele. Zikipasuka zinaimwaga yote kwenye plazma, nawe unaandika kwamba mshiriki ana mfadhaiko.

Tumia sindano ya 21G, si nyembamba zaidi. Mpira unaofungwa mkononi ufunguliwe kabla ya dakika moja kwisha. Chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau, ijae hadi alama. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Ndani ya kikasha cha baridi, barafu isiguse chupa: damu ikiganda kwa baridi, chembe zinapasuka vilevile. Izungushe ndani ya saa moja, 1,500 g, dakika 15, nyuzi 4. Nimesema g, yaani nguvu ya msukumo, si mizunguko; rota ya nusu kipenyo cha sm 10 ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa takriban 1,000 g tu. Nyonya plazma ukiacha nusu sentimita juu ya utando mweupe wa chembe nyeupe, gawa mikrolita 250 kila kichupa, kisha nyuzi -80. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Plazma yenye rangi ya tikiti maji, tupa. Jicho halioni upasukaji mdogo, kwa hiyo isome pia kwa mwanga wa nm 414, unaofyonzwa na hemoglobini.

"Seramu na plazma ni kitu kimoja." Sivyo. Seramu ni ya damu iliyoachwa igande, plazma ni ya damu iliyozuiwa kuganda. Chagua moja, ubaki nayo utafiti mzima.

"Joto la chumba ni joto la chumba." La kwenye maelezo ya seti ya kipimo cha ELISA kwa kawaida ni nyuzi 18 hadi 25. Mombasa bila AC unapita 30: TMB, kemikali inayotoa rangi ya kipimo, inakolea upesi na vishimo vya pembeni mwa sahani vinakauka. Funika sahani, na kila sahani iwe na sampuli zake za viwango vinavyojulikana.

"Kingamwili yoyote ya HSP70 inafaa." Neuroni zina HSC70, pacha wa HSP70, nyingi hata zikiwa zimetulia, na kingamwili ovyo huzishika zote mbili. Tafuta inayolenga HSPA1A, yaani HSP70 ile inayopanda kwa mateso. Ijaribu kwa seli zilizopashwa nyuzi 42 na zisizopashwa. Usipoona tofauti, irudishe dukani.

"HSP70 ya damu inaonyesha ya ubongo." Misuli na ini nazo huchangia, hata mazoezi makali huipandisha. Ukitaka ubongo, pima tishu yenyewe, kwa kila miligramu ya protini, au maji ya uti wa mgongo. Na maji hayo yakitoka na wekundu, umerudi palepale kwenye chembe zilizopasuka.