Herufi F kwenye ripoti ya hisabati, na maneno mengine yanayotupotosha kwenye shule za Uingereza

Januari moja, Jumamosi baada ya darasa la watoto, mama mmoja wa Tanga alinivuta pembeni akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na ripoti ya binti yake aliyeko mwaka wa 11 wa shule. Ukurasa mmoja, masomo kumi, kila somo na namba yake. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa hisabati: Maths (F) 5.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mtoto kapata F, na mimi namwona anasoma kila usiku. Baba yake nimwambie nini?"

Mimi nafundisha hisabati katika shule ya sekondari ya serikali hapa England, na huu ni mwaka wa kumi na nne. Kwa mzazi aliyesoma chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, F ni F: chini ya alama 30, umefeli. Lakini F ile haikuwa daraja. Ilikuwa aina ya mtihani ambao shule imepanga kumsajili mtoto. Nilipomweleza hivyo alishusha pumzi, akaanza kuikunja karatasi. Nikamwomba asiikunje kwanza, maana tatizo lilikuwa bado palepale kwenye herufi ile, ila si lile alilolidhani.

Hisabati ya GCSE, mtihani ambao watoto wa hapa hufanya wakiwa na miaka 15 au 16, ina ngazi mbili. Kuna Foundation, ngazi ya msingi, na kuna Higher, ngazi ya juu. Madaraja yanakwenda 1 hadi 9, na 9 ndiyo kileleni. Anayefanya Foundation hawezi kuvuka 5. Ajibu kila swali, asikosee hata nukta moja, atapewa 5. Anayefanya Higher anaweza kufika 9, lakini akishuka chini ya 4 ana nafasi nyembamba tu ya kuokolewa na 3, na akiikosa hiyo anaandikiwa U, yaani hana daraja lolote. Sayansi na lugha za kigeni nazo zimegawanywa hivyo. Kiingereza na historia hazina ngazi, wote wanafanya mtihani mmoja.

Sasa, binti yule alitaka kuwa mhandisi. Ili asome hisabati ya A-level, ile miaka miwili baada ya GCSE iliyo kama kidato cha tano na sita kwetu, shule nyingi hudai 6 au 7 ya GCSE. Kwa hiyo ile (F) ilikuwa imeshamfungia mlango miezi kama minne kabla hajashika kalamu ya mtihani, na nyumbani kwao hakuna aliyejua. Uamuzi huo hufanywa na walimu wa idara, mara nyingi kwa nia njema kabisa: wanataka mtoto apate 4 au 5 ya uhakika kuliko kubahatisha. Wazazi wa Kiingereza waliopita njia hiyo hiyo wanaijua, hupiga simu shuleni mapema. Wazazi wetu hungoja kuitwa. Jambo hili linaniuma kuliko lolote katika kazi yangu, ndiyo maana nimelianza.

Kama una mtoto wa mwaka wa 10 au 11, muulize leo jioni: unafanya ngazi gani ya hisabati, na ya sayansi je? Ukitaka abadilishiwe, zungumza na mkuu wa idara kabla ya katikati ya Februari, kwa sababu ndipo shule hupeleka majina kwenye bodi za mitihani. Usiende kulalamika. Uliza ni karatasi gani ya Higher ambayo mtoto ameshajaribu na alipata ngapi. Kama hajapewa hata moja, omba apewe.

Hapo kuna mtego mwingine. Wazazi waliotoka Bukavu na Uvira wamezoea asilimia, maana hata diploma ya taifa ya mwisho wa sekondari kule Kongo huja na asilimia yake. Wakiambiwa mtoto amepata alama 60 kati ya 240 kwenye karatasi tatu za Higher, wanaona robo, na nyumba nzima inanuna. Lakini mipaka ya madaraja hapa huwekwa baada ya kusahihisha, kulingana na ugumu wa mtihani wa mwaka ule, na kwenye Higher robo hivi ya alama mara nyingi inatosha kufika 4. Kwenye Foundation, 4 hiyo hiyo inadai zaidi ya nusu ya alama. Kwa hiyo alama tupu bila ngazi haikuambii kitu.

Namba zenyewe ni ngeni hata kwa Waingereza wenye umri. GCSE ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1988, ikichukua nafasi ya O-level, na kwa miaka mingi ilikuwa na herufi. Namba zilianza 2017 kwa Kiingereza na hisabati, masomo mengine yakafuata. Mwanzo wa 7 umelinganishwa na mwanzo wa A ya zamani, na mwanzo wa 4 na mwanzo wa C. Serikali inaita 4 ufaulu wa kawaida na 5 ufaulu imara. Asiyepata 4 katika Kiingereza au hisabati anaendelea kusoma somo hilo baada ya miaka 16, na anaweza kurudia mtihani mwezi Novemba.

Kwetu tumezoea namba ndogo ndiyo nzuri. Division One ni pointi 7 hadi 17, na mwenye 7 kavuna A saba. Uganda, kwa miaka mingi, 1 ilikuwa ndiyo ya juu na 9 ndiyo kufeli. Nilimfundisha msichana aliyepata 9 tano, akapiga picha karatasi ya matokeo akamtumia babu yake Jinja. Jibu likaja kwa sauti, mzee akimpa pole na kumwambia asikate tamaa, atarudia. Ilibidi mama yake apige simu.

Tukija kwenye aina za shule, maneno mawili yanatupotosha kwa sababu kwetu yana maana ya kinyume. La kwanza ni "academy". Ukikuta neno hilo kwenye kibao cha shule Mbeya au Nakuru, unajua ni shule ya binafsi na unaanza kuwaza ada. Hapa akademi ni shule ya serikali na haina ada. Tofauti yake na shule ya halmashauri ni kwamba fedha zake zinatoka moja kwa moja wizarani, inaendeshwa na taasisi ambayo mara nyingi ina shule kadhaa, na ina uhuru zaidi katika mtaala na ajira. Zilianza 2002, zikaongezeka kwa kasi baada ya sheria ya 2010, na leo shule nyingi za sekondari za serikali England ni akademi. Nawajua wazazi walioiruka shule iliyo mita mia tatu kutoka mlangoni kwao wakidhani hawataimudu.

La pili ni "public school". Hizo ndizo za binafsi, tena za kale na za gharama kubwa: Winchester ya 1382, Eton ya 1440, Harrow, Rugby. Ada ya Eton inapita pauni 50,000 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 ada za shule zote za binafsi zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Kati ya watoto mia hapa England, kama saba ndio wanaosoma shule za kulipia.

Kwa hiyo mimi jina la shule huliacha nikauliza mambo mawili: nani analipa, na nani anachagua mtoto wa kuingia. La pili ndilo lenye uzito, maana kati ya shule za serikali zenyewe kuna zinazochagua na zisizochagua.

Zinazochagua kwa mtihani ni shule za grama, 163 zilizobaki England nzima, zikiwemo nyingi za Kent, Buckinghamshire na Lincolnshire. Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria Kibaha au Ilboru, shule za vipaji maalumu. Sheria ya 1944 ndiyo iliyotandaza utaratibu wa kuwagawa watoto wakiwa na miaka 11, wachache grama na waliobaki shule za chini yake. Mwaka 1965 serikali ikazitaka halmashauri ziachane nao, na sheria ya 1998 ikapiga marufuku kufungua grama mpya. Ninavyoona mimi, miaka 11 ni mapema mno kumwambia mtoto yeye ni wa kundi gani, hasa mtoto ambaye miaka miwili nyuma alikuwa anawaza kwa Kiswahili. Lakini kama unaishi Kent na mwanao anaweza, mwandikishe. Usajili hufanyika kabla hajaingia mwaka wa 6, ule wa mwisho wa msingi, na mtihani huwa Septemba. Familia iliyofika Oktoba imeshachelewa.

Shule za dini, nyingi za Kikatoliki na Kianglikana, nazo ni za serikali na hazina ada. Zikijaa, huangalia cheti cha ubatizo na barua ya paroko, na zina fomu yao ya ziada ambayo wengi huisahau. Shule nyingine zote, ambazo ndizo nyingi, huchukua watoto wa jirani kama shule zetu za kata, na umbali hupimwa kwa mita. Ndiyo sababu nyumba zilizo karibu na shule nzuri zina bei ya kutisha.

Maombi ya sekondari, ambayo unaorodhesha shule kadhaa, mwisho wake ni Oktoba 31, mtoto akiwa mwaka wa 6, na majibu hutoka Machi 1. Kuna uvumi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ukiiweka shule namba mbili itakasirika ikukatae. Si kweli, kwa kuwa shule haioneshwi umeipanga ya ngapi. Panga kwa kadiri unavyozipenda, na hakikisha moja ni ile ambayo kwa umbali utaipata.

Matokeo ya shule nzima yanachapishwa na wizara, na kila mtu anaweza kuyaona. Tanzania Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora mwanzoni mwa 2023. Hapa majedwali bado yapo, na yanataka jicho la pili. Shule ya grama kuwa na watoto wengi wa 5 na kuendelea si ajabu, iliwachagua. Kwa sababu hiyo tangu 2016 kuna kipimo kinachoitwa Progress 8. Kinachukua nafasi nane za masomo, Kiingereza na hisabati zikihesabiwa mara mbili, kisha kinamlinganisha kila mtoto na wenzake wa nchi nzima waliomaliza msingi wakiwa sawa naye. Sifuri ni wastani. Moja maana yake watoto wa pale wamepanda daraja zima zaidi katika kila somo. Michaela, shule ya mtaani Wembley isiyochagua kwa mtihani, mwaka 2023 ilipita 2, ikaongoza nchi. Shule hiyo hiyo ndiyo iliyopiga marufuku swala ndani ya eneo lake, na Mahakama Kuu ikaiunga mkono Aprili 2024. Kwa mzazi Mwislamu hilo lina uzito, na halimo kwenye namba.

Kipimo hiki pia hakimhesabu mtoto aliyefika nchini baada ya mtihani wa mwisho wa msingi, kwa hiyo watoto wetu wengi hawamo humo kabisa. Na kwa matokeo ya 2025 na 2026 hakipo, kwa kuwa mitihani ya msingi ya 2020 na 2021 ilifutwa na korona. Mwenye kusoma jedwali la miaka hiyo anaona matokeo tu, bila kipimo hiki. Usishangae vilevile kukuta shule maarufu ya binafsi ina asilimia sifuri ya waliofaulu. Nyingi hufanya mitihani ya GCSE ya kimataifa, ambayo wizara haiihesabu.

Yote haya ni ya England. Wales na Ireland Kaskazini zimebaki na herufi, na Uskoti una mitihani yake kabisa.

Mama wa Tanga alimwandikia mkuu wa idara Jumatatu ile. Binti akapewa karatasi moja ya Higher, akaifanya vizuri kiasi cha kutosha, na kabla Februari haijaisha ile (F) ikawa (H). Agosti, Alhamisi ya matokeo, alipata 6. Shule yake ilitaka 7 kwa hisabati ya A-level, ikamkatalia. Chuo cha upande wa pili wa mji kilikuwa kinataka 6. Siku hizi anapanda mabasi mawili kila asubuhi, saa moja kasoro robo yuko kituoni.