Nani kamkodi nani? Mshahara, ujira na kamisheni ndani ya saluni

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni hapa Malindi, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, msusi akamuomba mwenye saluni ruhusa ya siku tano. Ndugu yake anaoa Lamu, na harusi ya Lamu, aijuaye anaijua, si ya kwenda asubuhi ukarudi jioni. Mwenye saluni hakukataa. Alisema tu, huku anahesabu noti zake, "Nenda mwanangu, lakini usihesabu kama likizo. Likizo ni ya watu wa mshahara. Wewe ni wa kamisheni."

Nilinyamaza, maana kichwa changu kilikuwa mikononi mwao. Lakini mwezi huu ilikuwa mara ya tatu nasikia neno hilo likitwishwa mzigo usiokuwa wake, na mimi kazi inayonilisha ni kuwawekea wenye biashara ndogo vitabu vya hesabu. Kwa hiyo niacheni niliseme lote leo, halafu nipumzike.

Maana kwanza, kwa haraka. Mshahara ni malipo ya muda: mwezi umeisha, unalipwa, wateja wawe walikuja au hawakuja. Ujira ni malipo ya kazi: umesuka kichwa, umelipwa kichwa. Kamisheni, kwa Kiswahili cha saluni zetu, ni fungu la bei aliyolipa mteja, tuseme asilimia 40 yako na 60 ya nyumba, yaani saluni. Kodi ya kiti ni pesa anayotoa msusi kumpa mwenye saluni ili atumie kiti, kioo na maji, kisha anachopata kwa mteja ni chake chote. Wako pia wanaochanganya, mshahara mdogo wa kushikia na asilimia juu yake. Mambo yote hayo yapo hapa mjini, pengine yote ndani ya chumba kimoja chenye viti vitatu.

Sasa nije kwa yanayoniwasha.

Mshahara tuliuchukua kwa Waarabu, mushahara, na ndani yake mna shahr, yaani mwezi. Anayesema "mshahara wa mwezi" kautaja mwezi mara mbili, na anayesema "mshahara wa wiki" kautia mwezi mzima ndani ya siku saba. Waarabu walikuwa na neno jingine kwa malipo ya siku, muyawama, kutokana na yaum. Hilo hatukulichukua. Sisi tukatengeneza letu, kibarua, barua ndogo, kile kikaratasi cha kuonyesha kwamba mtu kafanya kazi siku ile. Basi tukiwa wakali wa lugha, katika ile saluni hapakuwa na mtu wa mshahara hata mmoja. Hapo mwenye saluni alisema kweli. Kosa lilikuja aliporuka kutoka "hana mshahara" hadi "hana likizo", kana kwamba mshahara na ajira ni kitu kimoja.

Ajira ni neno jingine, na ndilo tamu kuliko yote. Ajira, ujira, mwajiri, mwajiriwa, na ile ajri tunayoombeana mtu akifanya wema, zote zimetoka shina moja la Kiarabu. Kwenye shina hilo hilo imo ijara, na aliyewahi kukanyaga benki ya Kiislamu ameiona imeandikwa kwenye makaratasi yao: ni ukodishaji. Nyumba, gari, mashine. Kwa wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, kumchukua mtu akufanyie kazi kwa malipo na kuchukua nyumba ukae kwa malipo ni milango miwili ya chumba kimoja. Hata jina la anayetoa pesa ni moja, mustajir. Aliyemchukua mfanyakazi ni mustajir, na mpangaji wa nyumba naye ni mustajir. Mwajiri na mpangaji, jina moja.

Sasa rudi saluni ukiwa na hilo kichwani, uone mambo yanavyojipanga. Ikiwa mwenye saluni ndiye anayetoa pesa kupata mikono ya msusi, yeye kaajiri. Ikiwa msusi ndiye anayetoa pesa kupata kiti, basi msusi ndiye mustajir, na mwenye saluni hajaajiri mtu, kapangisha. Niliwahi kumsikia mama mmoja akijisifu kwamba ameajiri wasichana wanne na kila mmoja anamletea kodi yake Jumatatu. Mama yangu, hao hujawaajiri. Wao ndio waliokuajiria kiti. (Na tukiwa hapo hapo: kukodi ni kutoa pesa, kukodisha ni kupokea. Anayeniambia "nimekodisha tuktuk kutoka Watamu" huwa namuuliza tuktuk yake anaiegesha wapi.)

Kamisheni yenyewe inatoka kwa Waingereza, na kule nyuma kwenye Kilatini, ambako maana yake ni kumkabidhi mtu jambo akakutimizie. Pwani tulikuwa na jina la kazi hiyo kabla ya Mwingereza kuteremka: udalali. Dalali na dalili ni ndugu, shina moja, kuonyesha njia. Dalali humwonyesha mnunuzi njia ya kufikia mali ya mtu mwingine, akapata chake katikati. Kwa maana hiyo, kamisheni safi kabisa Malindi ni ya yule dereva wa tuktuk anayemfikisha mgeni kwenye mlango wa masaji, akasimama pembeni hadi apewe kitu. Au msusi akimuuzia mteja chupa ya mafuta iliyo rafuni, mafuta ya nyumba, akapewa shilingi 50 juu yake. Hapo kweli yeye ni dalali.

Lakini akikaa saa tano anasuka, vidole vikimuuma, ni dalali wa nini? Wa vidole vyake mwenyewe? Anachopata pale ni ujira, ila umepimwa kwa fungu la bei badala ya kutajwa shilingi ngapi. Njia ya kupima haibadilishi kinachopimwa. Ukipima mchele kwa kibaba au kwa kilo, utapika wali huo huo.

Na sheria inaliona hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamjua mtu ambaye malipo yake yanahesabiwa kwa kiasi cha kazi aliyofanya, bila kujali kazi ilichukua muda gani. Imemweka humo ndani pamoja na wengine, haikumtoa nje ya mlango. Migogoro ikifika mahakamani, hakimu haishii kwenye jina mlilolibandika jambo lenu, anataka kujua nani alikuwa na amri juu ya nani. Tumtazame basi yule msusi wangu. Anafungua saa mbili asubuhi kwa ufunguo wa mwenye saluni. Bei zimebandikwa ukutani na mwenye saluni. Mteja akimaliza analipa kwenye tili, ile namba ya kupokea malipo ya simu, ya mwenye saluni. Akichelewa anakatwa faini ya shilingi 100. Mpangaji gani anakatwa faini kwa kuchelewa kufika kwenye kiti alichokilipia? Huyo ni mwajiriwa, ana zaidi ya mwaka pale, na sheria ile ile inampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila akitimiza miezi 12, kwa malipo kamili. Siku tano za harusi zimo humo na chenji inabaki.

Najua kwa nini neno linapendwa. Ukimwita mtu "wa kamisheni" unahisi umeshavuka makato: ile asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, ile 1.5 ya tozo ya serikali ya nyumba nafuu ambayo mwajiri naye anatoa kiasi kama hicho, na NSSF, ile akiba ya uzeeni. Hujavuka. Umefumba macho tu, na kitabu changu hakifumbi.

Nisionekane nawaonea wenye saluni, maana wengi wao jana walikuwa wasusi. Tatizo lao kubwa ni mwezi Mei. Malindi tunaishi kwa msimu (neno ambalo Wazungu walilisikia baharini kwa Waarabu, mausim, wakarudi nalo kwao likiwa monsoon). Desemba mpaka Machi Waitaliano wamejaa, masaji na kucha hazipumziki. Pasaka ikipita, kusi inaingia, mvua zinashika, hoteli kadhaa zinafunga, na saluni iliyokuwa na foleni inakuwa na redio. Mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu ya kusi. Kwa hiyo kuchagua namna ya kulipa, ukiondoa majina, ni kuamua Mei itabebwa na nani. Mshahara unaiweka yote kwa mwenye saluni. Kodi ya kiti inaiweka yote kwa msusi, na juu yake anadaiwa. Kamisheni tupu inaonekana kama kugawana, lakini asilimia 40 ya sifuri ni sifuri, na mtu aliyekaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni akingoja mteja ameuza siku yake bure. Mimi hapa mjini napendekeza mshahara mdogo wa kushikia na asilimia juu. Mwenye saluni hunung'unika Mei, msusi hunung'unika Desemba, nami nachukulia hiyo kuwa dalili njema.

Kamisheni pia ina shimo ambalo watu hulifunika kwa busati: asilimia ya nini? Chukua kichwa cha shilingi 3,000. Nywele za kuongezea, pakiti sita za 150, ni 900. Mafuta na jeli, tuseme 100. Asilimia 40 ya 3,000 ni 1,200. Ukitoa vifaa kwanza, asilimia 40 ya 2,000 ni 800. Wote wawili wamesema "arobaini", wote wawili wameapa ndiyo waliyokubaliana, na kwa vichwa 20 vya mwezi wanatofautiana shilingi 8,000. Ugomvi mwingi unaoletwa kwangu ukiitwa wizi huwa ni huu. Chuoni tulifundishwa kwamba ujira sharti ujulikane kabla kazi haijaanza, na mimi nilikuwa nadhani ni jambo la kuhifadhi tu kwa ajili ya mtihani.

Shangazi yangu alikuwa akipaka hina na piko Lamu, mtaa wa Langoni, na hakuwahi kupata hata sehemu ya shida hii. Kabla hina haijavurugwa, bei ilishasemwa: mikono kiasi fulani, miguu kiasi fulani, na hina inanunuliwa na nani. Shaabani, kabla ya Ramadhani, na tena Mfunguo Mosi, alikuwa hashikiki. Miezi mingine alishona kofia. Kazi ikiisha, jamaa wa bibi harusi walimtunza, kanga au noti ikipachikwa kwenye buibui lake huku wakipiga vigelegele, na hiyo hakuihesabu pamoja na ujira. Akisema ujira ni wake, tunzo ni ya furaha yao.

Nalitaja hilo kwa sababu ya bakshishi, au mancia kama wanavyosema wanaohudumia Waitaliano. Zamani mgeni alikutia noti mkononi, mambo yakaisha. Siku hizi anayelipa kwa simu anaituma yote kwenye tili, bei na bakshishi pamoja, na jioni mwenye saluni anaigawa yote arobaini kwa sitini. Bakshishi si bei. Mteja hakuilipia saluni. Ikiingia kwenye tili itolewe kwanza, ipewe mwenyewe, ndipo yaanze mambo ya asilimia.

Basi dada yangu mwenye saluni, kama haya yatakufikia, na mji wetu ni mdogo, yatakufikia: endelea kusema "wa kamisheni", lugha imeshalizoea na mimi sitalipigania. Ila usilitumie kumtoa mtu kwenye ajira uliyomtia kwa mikono yako. Kama unataka asiwe mwajiriwa, mpe kiti kweli: apange bei yake, apokee kwa simu yake, aje atakapo, akuletee kodi. Na kama unataka aje saa mbili na avae tisheti yako, basi ni wako, pamoja na likizo zake.

Siku ile sikuyasema yote hayo. Nilingoja mpaka msuko wa mwisho ulipofungwa, nikalipa, ndipo nikauliza kama mtu asiye na neno, "Hii arobaini yenu, mnaikata kabla ya kutoa nywele na mafuta, au baada?"

Walijibu kwa pamoja. Msusi alisema kabla, mwenye saluni alisema baada.