Hisa za Mdomoni na Hisa za Kwenye Akaunti

"Mchambuzi alisema bei ya hisa itapanda, na imepanda. Huyo anajua pesa."

Amepatia, lakini kama hana hisa hajapata kitu. Tazama Safaricom. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza sehemu ya hisa zake kwa shilingi 5 kila moja, watu wakafurika, wengine kwa mkopo wa benki, na wengi wakagawiwa kidogo kuliko walichoomba. Mapema 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ikapita 40. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imerudi chini ya 15. Kwa safari kama hiyo, aliyesema "nunua" na aliyesema "uza" wote wana siku yao ya kujigamba. Mwenye hisa hakuwa na uhuru huo: alikuwa na bei aliyolipa, riba ya mkopo, na Januari ya kutafuta ada za watoto. Wengi huuza kwa sababu ya ada, si kwa sababu ya chati.

"Bei iliyo kwenye skrini ndiyo nitakayouzia."

Hii ndiyo inayowaumiza wageni kuliko zote. Mara nyingi bei unayoiona ni ya muamala uliokwisha kupita. Ukiingia na oda yako unakuta foleni mbili. Tuseme mnunuzi anayetoa bei nzuri zaidi anatoa shilingi 20, na muuzaji wa bei nafuu zaidi anataka 21. Chukulia pia kwamba kamisheni ya dalali na tozo nyingine zinafika asilimia 2, ukinunua na ukiuza. Hisa 1,000 zitakugharimu shilingi 21,420. Ukibadili mawazo papo hapo ukaziuza, unapokea 19,600. Umepungukiwa 1,820, na soko halijasogea hata senti. Kwenye hisa zisizo na wanunuzi, nazo si haba Nairobi na Dar es Salaam, oda ya kuuza inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Anayesema "mimi ningetoka juzi" aulizwe kwanza: ungemuuzia nani?

"Basi anayenunua na kuuza kila kukicha ndiye anayevuna."

Wala. Watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za kaya zaidi ya 66,000 nchini Marekani, kati ya 1991 na 1996. Waliofanya miamala mingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka. Soko lenyewe lilitoa 17.9. Tatizo halikuwa kuokota hisa mbovu, maana kabla ya makato hawakupishana sana na wenzao. Gharama za kuingia na kutoka ndizo zilizowamaliza.

"Asiye na hisa anyamaze."

Hapana, na hili huwa linanikera. Kusoma mahesabu ya kampuni hakuhitaji kuwa na hisa zake, na mwenye nazo ana kila sababu ya kuzipamba ili apate wa kumuuzia. Mimi humuuliza kila mchambuzi swali moja tu: unazo, na ulinunua kwa bei gani? Akianza kuzunguka, nimeshapata jibu. Anayeuza ushauri wenyewe kwa ada ni suala jingine, la kisheria: Kenya anatakiwa awe na leseni ya CMA, Tanzania ya CMSA, ambazo ni mamlaka zinazosimamia masoko ya mitaji, na majina ya waliopewa leseni yako kwenye tovuti za mamlaka hizo.