Wodi isiyoripoti makosa inanitia hofu

Wiki hii msimamizi wangu ameniuliza tena: "Sista, mbona wodi yako ina ripoti nyingi za makosa na wodi ya jirani haina hata moja?" Kwa aliyeuliza, sifuri ni ubora. Sivyo kabisa.

Hesabu mwenyewe. Wodi ya wagonjwa 40, wauguzi 2 usiku. Miezi 6 ipite bila dozi kuchelewa, bila mkono kuvimba penye kanula (mrija mdogo wa dripu mshipani), bila mzee kuteleza akienda msalani? Haiwezekani. Makosa yapo, watu wamenyamaza. Na wana sababu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo muuguzi aliandika ukweli, akadaiwa barua ya kujieleza. Wenzake waliona, na tangu siku hiyo kalamu zikakauka.

Halafu kwenye semina tunaambiwa tubadilishe mtazamo. Mtazamo upi? Muulize muuguzi yeyote hapa Nairobi nyakati 5 za kunawa mikono, atakutajia zote. Anajua sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, sanitaiza 20 hadi 30. Ila chupa ya ukutani ni tupu tangu Ijumaa. 5S (kupanga na kusafisha mahali pa kazi), kaizeni (kuboresha kidogo kidogo kila siku), mzunguko wa kupanga, kujaribu, kupima na kurekebisha, vyote tumefundishwa, sivirudii.

Ripoti ninayoithamini kuliko zote ni ya kosa lililokaribia kutokea. Usiku mmoja mwenzangu alishika kichupa cha heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akidhani ni insulini ya kisukari. Vilifanana, vimekaa rafu moja. Akasoma lebo mara ya pili kabla ya kuvuta dawa, akakirudisha. Mgonjwa hakuguswa; angeweza kukaa kimya na asijulikane milele. Aliandika. Asubuhi tukatenganisha rafu, tukabandika utepe mwekundu. Gharama yake haikuzidi nauli ya matatu. Wodi ya sifuri ingemsubiri muuguzi mwingine aliyechoka, saa 10 alfajiri, avute dawa ile.

Nina shaka moja, nayo hainiishi. Ripoti zikiongezeka, sina njia ya uhakika ya kujua kama watu wamekuwa wawazi au huduma imezorota. Natazama kama yaliyodhuru wagonjwa yanapungua huku yaliyokaribia yakiongezeka, lakini hata hapo nakisia, kwa sababu hata madhara huandikwa na mkono ule ule wenye woga.

Kwa hiyo msimamizi nimemjibu hivi: kesho twende pamoja wodi ya jirani, zamu ya usiku, bila jedwali la ripoti.