Duka Edo, ushairi Matsusaka

Nikifundisha ushairi wa Japani wa karne ya 17 na 18, swali huwa lilelile: muuza pamba alipata wapi nafasi ya kutunga? Mimi humpeleka muulizaji Matsusaka, katika jimbo la Ise.

Matajiri wengi wa mji huo walikuwa na maduka Edo (Tokyo ya leo), makao ya shogun, mtawala wa kijeshi, lakini wenyewe waliishi kwao. Dukani walikaa wasimamizi. Taarifa za mauzo zikaja kwa barua. Mwenye mali akabakiwa na jioni nyingi, na jioni hizo ndizo zilizozaa vikundi vya ushairi.

Motoori Norinaga alizaliwa humo mwaka 1730, katika ukoo wa Ozu, wauza pamba. Baba alifariki Norinaga akiwa bado mtoto, na biashara ikadhoofika. Wakampeleka kwa muuza karatasi ili awe mwana wa kulea. Hazikupita hata miaka mitatu, akarudi. Mama yake, Katsu, akaona wazi kwamba kijana huyu ni wa vitabu, duka halimfai. Mwaka 1752 akamtuma Kyoto kusomea utabibu. Nampenda sana mama huyu. Bila uamuzi wake, huenda Japani ingempoteza msomi wake mkubwa kuliko wote wa lugha ya kale.

Norinaga alirudi mwaka 1757 akiwa tabibu, na mwaka uliofuata akaanza kuwasomesha wenzake wa kikundi cha ushairi Hadithi ya Genji, iliyotungwa na Murasaki Shikibu, mwanamke wa ikulu, mwanzoni mwa karne ya 11. Wafanyabiashara walitaka nini humo? Walitaka lugha. Waka, shairi la mistari 5 na mizani 31, lilidai maneno ya watu wa ikulu ya zamani, na maneno hayo hayapatikani sokoni. Kiswahili chetu kinanisaidia sana hapa: mchana watu hawa walishika mizani ya duka, usiku mizani ya ushairi.

Haikai, ushairi wa kupokezana beti, ilikuwa na uchangamfu zaidi. Mmoja anafungua kwa mizani 5, 7, 5. Jirani yake anaunga kwa 7, 7. Mwingine anapokea, hadi beti 36 au 100. Ubeti wako lazima ushikane na uliotangulia, ila uuache kabisa ule wa kabla yake. Ukirudi nyuma, umeharibu. Bingwa wa baraza alitoza ada na kutoa alama. Ihara Saikaku, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Osaka, inasemekana alitunga beti 23,500 kwa usiku na mchana mmoja mwaka 1684, kwenye hekalu la Sumiyoshi. Bashō, mshairi mashuhuri wa haikai, naye alisaidiwa na muuza samaki, Sugiyama Sanpū, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Wazee wa koo za wafanyabiashara waliogopa starehe za namna hii. Mitsui Takafusa, mfanyabiashara wa ukoo tajiri wa Mitsui, aliandika habari za nyumba tajiri za Kyoto zilizofilisika, ili warithi wake waone jinsi anasa zinavyokula mtaji.

Norinaga hakuacha kazi yake. Mwaka 1782 alijijengea ghorofani chumba kidogo chenye ukubwa wa mikeka minne na nusu, akatundika kengele kwenye kamba. Akichoka kuandika huitikisa, asikilize mlio wake. Chini aliendelea kupokea wagonjwa.