Ludlow sio makumbusho jamani

Kuna watu wakiona picha za Ludlow, mji mdogo wa zamani kule Shropshire, Uingereza, wanadhani ni makumbusho, eti hakuna anayeishi pale zaidi ya watalii. Si kweli kabisa. Ile hoteli ya Feathers yenye mbao nyeusi zilizochongwa mbele, ya 1619, si ya kutazama tu, wageni wamelala humo miaka na miaka. Soko nalo liko hai, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi meza zinapangwa pale uwanjani mbele ya ngome, unanunua mkate na jibini huku kuta za karne ya 11 zinakuangalia tu. Treni ipo, unapanda unashuka Shrewsbury au Hereford, supamaketi zipo, sinema ipo.

Shida zipo ila sio zile mnazodhani. Majengo karibu 500 yanalindwa kisheria, kwa hiyo ukitaka kubadilisha dirisha la mbao uweke la plastiki lazima uombe kibali kwanza, ukijifanya mjanja ni kosa la jinai, hata kama ulikuwa unakimbia baridi tu. Halafu hospitali ni ndogo, dharura kubwa unakimbizwa Hereford au Shrewsbury.