Unga, mnazi na mimba: yanayompata mtoto na namna ya kumsaidia

Hapa Malindi, mtoto wa mama anayetumia unga, yaani heroini, hutambulikana mapema. Analia kwa sauti kali, mikono inamtetemeka, na kila anayeingia wodini anajua kuna jambo. Mtoto wa mama aliyekunywa mnazi miezi yote tisa huenda akaruhusiwa kwenda nyumbani siku ya pili, amefungwa leso vizuri, na hakuna aliyeuliza kitu. Ukinitaka nikuambie ni yupi atakayeumia muda mrefu zaidi, nitakuonyesha huyu wa pili. Mtetemeko wa unga una tiba, tena una mwisho. Ubongo ulioharibiwa na pombe tumboni hauna dawa ya kuurudisha ulivyotakiwa kuwa.

Nianze na huo mnazi, maana ndio usioogopwa.

Ule wa asubuhi, mtamu, huhesabiwa kinywaji cha kutia nguvu. Lakini hamira za asili huingia kibuyuni mara tu utomvu unapoanza kudondoka kutoka kwenye karara, na sukari huanza kugeuka pombe hata kabla mgema hajashuka. Ndani ya siku moja mnazi unaweza kufika asilimia 4 au 5 ya pombe. Nusu lita ya mnazi wa asilimia 4 ina takriban gramu 16 za pombe tupu, karibu sawa na chupa ya bia ya mililita 500. Na mangweni hakuna anayepima nusu lita. Mtu hunywa kwa mrija mpaka mazungumzo yaishe.

Pombe hiyo hupita kwenye kondo bila kizuizi. Baada ya muda mfupi damu ya mtoto ina kiwango kinachokaribiana na cha mama, ila ini lake ni changa na haliwezi kuivunja. Sehemu yake huishia kwenye maji ya uzazi, naye huyameza yale maji tena na tena. Kwa hiyo mama anaweza kuwa ameshalevuka na mtoto bado amo ndani ya pombe.

Uso na viungo hujengeka kati ya wiki ya 3 na ya 8, wakati ambapo mwanamke mara nyingi hajui kama ana mimba. Ubongo hujengeka tangu mwanzo hadi siku ya kuzaliwa, na baada yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema miezi mitatu ya kwanza ikishapita hakuna neno. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, wala hakuna mwezi ulio salama. Kinachoharibu zaidi ni kunywa kwa wingi kwa mkupuo, kama watu wanavyokunywa usiku wa matanga. Hata hivyo, anayeacha mwezi wa sita bado anamwokolea mtoto mengi, kwa hiyo asiambiwe kwamba amechelewa.

Madaktari wa Ufaransa waliwaeleza watoto hawa mwaka 1968, na wa Marekani wakafanya hivyo mwaka 1973. Wenye dalili kamili wana macho yenye upana mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji wa kati ya pua na mdomo umesawazika. Kichwa huwa kidogo na mwili haukui sawasawa. Lakini watoto wengi walioathirika hawana sura hiyo kabisa. Wanafanana na wenzao, kisha wakifika shule mambo yanaanza: hesabu haziingii, sura ya Kurani aliyoihifadhi chuoni jana leo imepotea, anatumwa vitu vitatu dukani anarudi na kimoja. Anachapwa kwa kosa, na kesho anarudia lile lile. Watu humwita mkaidi. Ukweli ni kwamba sehemu ya ubongo inayounganisha kosa na matokeo yake ndiyo iliyoumia, na fimbo haiifikii.

Sasa tuje kwenye unga.

Kosa kubwa ninalolipinga ni kumlazimisha mjamzito aache unga ghafla. Ndugu humfungia chumbani kwa nia njema, wakidhani wanamnusuru mtoto. Arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga uliouzoea, ya mama ni arosto ya mtoto vilevile: mfuko wa uzazi hukaza, hewa inayomfikia mtoto hupungua, mimba inaweza kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati. Akifaulu kukaa siku kadhaa kisha akarudia kipimo chake cha zamani, mwili umeshapoteza mazoea na anaweza kufa kwa kuzidisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema mjamzito aliyezoea heroini ahimizwe kuanza tiba ya methadoni au buprenofini, dawa zinazochukua nafasi ya unga, si kuachishwa kwa nguvu. Malindi tuna kliniki ya methadoni ndani ya hospitali ya umma tangu 2015, na dawa hunywewa pale pale mbele ya mhudumu kila siku.

Unga huvuruga hedhi. Dada anayetumia anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake, akaamini hawezi kushika mimba, kisha kichefuchefu kikija akadhani ni arosto. Mpimeni mkojo mapema, na mumpime pia Virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini, hasa kama amewahi kujidunga.

Akishaanza methadoni, familia ijue mambo mawili. Kwanza, miezi mitatu ya mwisho kipimo mara nyingi huhitaji kuongezwa au kugawanywa mara mbili kwa siku, kwa sababu damu imeongezeka na mwili unaivunja dawa haraka. Si ulafi. Pili, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za Virusi vya Ukimwi, kama efavirenzi, hupunguza methadoni mwilini. Mama aliyetulia kwa miezi akianza jasho na maumivu ya viungo wiki chache baada ya kupewa dawa za kifua kikuu, mwambieni mhudumu wa methadoni mara moja. Asipoongezewa atarudi maskani, kule unga unakouzwa na kutumiwa.

Onyo hili la kutoacha ghafla linamhusu pia anayekunywa pombe nyingi kila siku na anayemeza bugizi, vile vidonge vya kulevya vya usingizi. Hao wakikatishwa nyumbani wanaweza kupata degedege ndani ya siku chache, kwa hiyo waachishwe hospitalini. Anayekunywa mnazi mara moja moja aache leo hii. Hana haja ya kungoja mtu.

Mtoto akizaliwa, saa ndizo zinazotuongoza. Kama mama alikuwa akitumia heroini, dalili huanza ndani ya saa 24 hadi 48. Kama ni methadoni, huja saa 48 hadi 72, na zinaweza kuchelewa hadi siku ya tano au zaidi. Bugizi inaweza kuchelewa kuliko hapo. Kwa sababu hiyo, kumruhusu mtoto wa mama wa methadoni aende nyumbani siku ya kwanza ni hatari: anaonekana mzima, kisha usiku wa tatu anaanza kutapika akiwa Muyeye au Mambrui, na gari hakuna. Akae chini ya uangalizi siku 4 hadi 7.

Tazameni kilio kikali kisichobembelezeka, misuli iliyokaza, kupiga chafya na miayo mfululizo, jasho, kuharisha, kupumua haraka, na kunyonya kwa pupa bila maziwa kushuka. Magoti na matako huchubuka kwa kujisugua kwenye shuka. Nyumba nyingi za hapa watasema ni nyuni, pepo wa ndege anayedhaniwa kuwashika watoto. Bibi akitaka kumsomea mtoto, amsomee, ila amsomee wakiwa njiani kwenda hospitali.

Nanyi wenzangu wa wodini, msikimbilie kusema ni arosto. Pimeni sukari kwanza. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, huo mtetemeko una sababu nyingine ya kutibiwa sasa hivi. Tafuteni pia maambukizi na upungufu wa kalsiamu. Na kama mtoto hakupumua vizuri alipozaliwa, msaidieni kwa mfuko na barakoa. Naloksoni, dawa inayokata nguvu ya unga mwilini, msimpe, maana humwingiza kwenye arosto kali kwa mara moja na kuleta degedege.

Tiba ya mwanzo si dawa. Ni mama mwenyewe. Taa ipunguzwe, redio izimwe, wageni wa kuja kumtazama mtoto wasubiri. Mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha afungwe leso mikono ikiwa karibu na kifua na miguu ikibaki na nafasi ya kujikunja. Anyonyeshwe kila baada ya saa 2 au 3, kidogo kidogo. Akishindwa kushika titi, maziwa yakamuliwe apewe kwa kikombe. Apimwe uzito kila siku. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, hatupo salama tena.

Kila baada ya saa 3 hivi jiulizeni maswali matatu: ameweza kunyonya vizuri, au kunywa angalau mililita 30? Amelala walau saa nzima bila kukatishwa? Akilia, anabembelezeka ndani ya dakika 10? Majibu yakiwa hapana na yote hapo juu yameshafanywa, ndipo daktari anapoanza morfini ya kunywa kwa kipimo cha uzito, au fenobabitoni, kisha huipunguza polepole kwa siku au wiki. Dawa hii haitolewi nyumbani. Na kamwe asilambishwe unga kidogo “ili atulie”. Kipimo cha maskani kinaweza kumzima pumzi.

Mama wa methadoni anyonyeshe. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno na watoto wanaonyonya hutulia vizuri zaidi. Mwenye Virusi vya Ukimwi anyonyeshe huku akimeza dawa zake bila kuruka. Anayeendelea na unga wa maskani au pombe nyingi, huyo tuzungumze naye kwanza. Mnazi hauongezi maziwa. Pombe huzuia yasishuke.

Muguka, bangi, sigara na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, sitavikalia sana: vyote huhusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na mwenye mimba aviache.

Siku arobaini za uzazi ni nafasi nzuri, kwa kuwa mama yupo kwao na kuna mikono mingi. Usingizi wa taabu na kilio vinaweza kuendelea wiki kadhaa. Mtoto alale chali, peke yake, si katikati ya watu waliokunywa. Macho yake yaangaliwe, maana makengeza huwapata zaidi watoto hawa. Kwa aliyepitia pombe, fuatilieni ukuaji wa kichwa na usemi, na akisuasua apelekwe kituo cha serikali cha tathmini ya elimu mapema, asingojee kufeli. Mwalimu ampe agizo moja kwa wakati, amwonyeshe kwa vitendo, amkalishe mbele, na arudie somo lile lile kesho bila kuona ni kupoteza muda. Nyumbani, ratiba isibadilike: saa ile ile ya kula, ya kuoga, ya kulala.

Yote haya yanategemea kitu kimoja kinachokosekana mara nyingi, nacho ni maandishi. Mkunga aulize kwa upole, kila hudhurio, faraghani, mama mkwe akiwa nje: ulikunywa nini, kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, na mpaka mwezi wa ngapi? Aulize kuhusu mnazi kwa jina lake, kwa sababu akiuliza “pombe” ataambiwa hapana. Kisha majibu yaandikwe kwenye faili ya hospitali inayobaki kwa siri, si kwenye kijitabu ambacho majirani watakisoma. Miaka saba baadaye, daktari anayejaribu kuelewa kwa nini mtoto hahesabu hadi ishirini atauhitaji ule mstari.